Muuguzi mpya kati ya wakongwe: kwa nini kazi ya kwanza huvunja moyo

WAKATI wachuuzi wa Githurai 45 wanawasha taa zao jioni na abiria wa kutoka mjini wanashuka kwa kusukumana, huwapo wachache kwenye steji wanaosubiri gari la kwenda kazini. Miongoni mwao ni wauguzi wa zamu ya usiku. Zamani ukimwona msichana wa aina hiyo ungejua anaelekea hospitalini. Siku hizi huenda anakwenda katika nyumba ya kutunzia wazee, au kwa familia iliyomwajiri amuuguze mzazi aliyepooza.

Makala haya yanamhusu huyu wa pili, hasa ikiwa hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza tangu atoke chuoni. Si ajabu kumkuta, baada ya mwezi mmoja au miwili, akilia bafuni kabla ya kwenda zamu. Hujiuliza kama alikosea kuchagua uuguzi, na huogopa kumweleza mama yake aliyeuza ng'ombe ili alipe karo.

Dhiki hiyo ina sababu zake, na nyingi hazitokani na udhaifu wa muuguzi. Akizijua mapema, anaweza kuepuka uamuzi wa haraka wa kuitupa kazi, au jambo baya zaidi, yaani kubaki kazini huku moyo umekufa.

Tuanze na jinsi anavyofika huko. Akishamaliza mafunzo na kupewa leseni na Baraza la Wauguzi, kijana huyu hutazamia kuajiriwa na serikali. Tangu huduma nyingi za afya zihamishiwe kaunti mwaka 2013, nafasi hutegemea kaunti itangaze lini, na ina fedha kiasi gani. Huku akingoja, kodi ya nyumba haingoji. Kazi anayoipata haraka ni ile ya watu binafsi, na katika miaka ya karibuni kazi ya kutunza wakongwe imeongezeka. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Kenya ina watu wapatao milioni 2.7 waliotimiza umri wa miaka 60 na zaidi. Watoto wao wako kazini Nairobi, Doha au Marekani, na hakuna anayebaki nyumbani mchana kutwa.

Nairobi ina nyumba za wazee zinazojulikana tangu zamani. Kasarani, mwendo mfupi tu kutoka Githurai, kuna Nyumba ya Wazee ya watawa wa Little Sisters of the Poor. Kariobangi kuna Cheshire, na Mji wa Huruma ni nyumba ya serikali ya jiji. Siku hizi zimeongezeka zile za kibinafsi, nyingine zikiwa katika nyumba za kawaida za kuishi. (Tunazitaja ili msomaji aelewe ni mahali pa namna gani. Yatakayosemwa hapa chini hayailengi hata moja.)

Kipimo cha wadi

Chuoni mwanafunzi hufunzwa zaidi katika wadi ambamo mgonjwa huingia, hutibiwa na kutoka. Mtoto mwenye malaria aliyeletwa mgongoni Jumatatu hutembea Alhamisi. Mama aliyejifungua kwa upasuaji huenda nyumbani na mtoto wake. Mwanafunzi hujifunza, bila hata kuambiwa, kwamba kazi nzuri ni ile inayomrudisha mgonjwa kwake.

Katika nyumba ya wazee hakuna anayetoka hivyo. Shosho aliyepata kiharusi miaka mitatu iliyopita atakuwa kwenye kitanda kile kile kesho, na mwezi ujao atakuwa amedhoofika kidogo kuliko leo. Muuguzi mpya anayebeba kipimo cha wadi na kukipeleka pale ataona kila jioni kwamba ameshindwa. Hapo ndipo moyo unapoanza kuvunjika, kabla hata ya uchovu wa mwili.

Mtaalamu wa uuguzi wa Marekani, Marlene Kramer, alichapisha kitabu mwaka 1974 kuhusu mshtuko unaowapata wauguzi wapya wanapokuta kazi si kama walivyofunzwa. Alieleza kwamba kwanza huwa na kipindi cha furaha kama fungate, kisha huja mshtuko wenyewe, hasira na kulaumu kila kitu. Baadaye muuguzi huanza kupata ahueni na kuona mambo kwa kadiri yake. Jambo la maana kwa msomaji wetu ni kwamba anayeacha kazi katikati ya hasira ile anaamua akiwa katika hali mbaya kuliko zote.

Kipimo kinachofaa kazi hii kipo. Mwaka 1962 Doreen Norton na wenzake wawili huko Uingereza walichapisha utafiti wao kuhusu kuuguza wakongwe hospitalini. Walionyesha kwamba ngozi ya mkongwe asiyeweza kujigeuza huokolewa kwa kumgeuza mara kwa mara, wala si kwa vitu vya kupaka vilivyokuwa vikisuguliwa mgongoni. Norton akatunga hesabu ndogo ambayo bado inatumika. Unatazama mambo matano: hali ya mwili, hali ya akili, kutembea, kujigeuza, na kuweza kuzuia haja. Kila moja hupewa alama 1 hadi 4, na jumla ya juu ni 20. Mkongwe mwenye alama 14 au chini yake yuko katika hatari ya kupata vidonda vya kulala.

Hesabu hiyo humpa muuguzi kitu cha kushika. Mzee mwenye alama 10 aliyelala miezi minane bila kidonda mgongoni wala kisiginoni ana wauguzi hodari nyuma yake, hata kama hakuna jamaa atakayekuja na keki kushukuru. Vivyo hivyo kwa yule aliyekuwa akila vijiko vitano vya uji na sasa anamaliza kikombe, au yule ambaye usiku huu hakulia kwa maumivu ya goti kwa sababu dawa yake ilitolewa kwa wakati. Muuguzi mpya na awe na daftari lake dogo, mbali na lile la ripoti, na aandike jambo moja la namna hiyo kila mwisho wa zamu. Linaonekana jambo la kitoto. Lakini baada ya wiki tatu ndilo litakalomwonyesha kwamba kuna kitu kinafanyika, wakati macho yake yamechoka hata hayaoni.

Jina na nambari ya kitanda

Kuna njia nyingine ambayo wauguzi huitumia kujikinga na huzuni, nayo ni mbaya. Mwaka 1960 Isabel Menzies alichapisha uchunguzi alioufanya katika hospitali kubwa ya mafunzo mjini London, ambako karibu theluthi moja ya wanafunzi wa uuguzi walikuwa wakiondoka kabla ya kumaliza mafunzo. Aligundua kwamba kazi ilikuwa imepangwa ili kumtenga muuguzi na mgonjwa. Huyu anapima joto kwa wote, yule anatandika vitanda vyote, na mgonjwa anaitwa kwa nambari ya kitanda au kwa kiungo kinachougua. Nia ilikuwa kumpunguzia muuguzi wasiwasi. Badala yake wasiwasi ulibaki, na ile raha ya kumjua mtu na kumsaidia ikapotea.

Msomaji aliyewahi kufanya kazi na wakongwe atatambua jambo hili mara moja. "Namba nne amebadilishwa?" "Yule wa mpira wa mkojo amekula?" Christina Maslach, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye kipimo chake cha uchovu wa kazini kilitolewa mwaka 1981, alitaja dalili tatu zinazokwenda pamoja: kuishiwa nguvu za moyo, kuwatendea watu kama vitu, na kuona kwamba hakuna cha maana unachokifanya. Shirika la Afya Duniani lilipoufafanua upya uchovu huu mwaka 2019, lilieleza kwamba si ugonjwa bali ni hali inayotokana na dhiki ya kazini ya muda mrefu ambayo haikushughulikiwa. Kwa hiyo kumwambia muuguzi "jikaze" pekee hakutoshi, kwa sababu chanzo kiko kazini.

Mimi nilipokuwa muuguzi mpya, mzee mmoja alifariki katika zamu yangu nikiwa naandika ripoti. Nilikuwa nimemlisha saa mbili kabla. Asubuhi niliambiwa niharakishe kutandika kitanda kwa kuwa kuna mwingine anakuja saa nne. Hakuna aliyeniuliza lolote. Aliyeniokoa siku ile alikuwa mhudumu mmoja, mama wa makamo ambaye hakuwa na cheti cha aina yoyote. Alichota maji ya moto akaniambia, "Sista, njoo tumwoshe mzee vizuri." Tulimwosha pamoja, yeye akisimulia vile mzee alivyokuwa akimtania juu ya chai isiyo na sukari. Kisha akanikalisha jikoni nikanywa chai kabla ya kwenda kwenye gari. Jambo lile lilichukua dakika arobaini. Tangu hapo nimeamini kwamba nyumba ya wazee isiyowapa wafanyakazi wake dakika arobaini baada ya kifo itawapoteza mmoja baada ya mwingine.

Wahudumu hao nao ni sehemu ya dhiki ya muuguzi mpya, tuseme ukweli. Yeye ana miaka 23 na leseni. Wao wana umri wa mama yake, wamekuwa pale miaka kumi, na sasa wanaambiwa wampokee kama msimamizi. Akiwaamrisha, watamwachia kazi aone mwenyewe. Akiwaogopa, dawa na vidonda vitaharibika mikononi mwake. Njia iliyo bora ni kuwauliza kwanza kuhusu wazee, maana wao ndio wanaojua kwamba guka wa chumba cha mwisho hamezi vidonge mpaka apewe ndizi. Halafu ashike sana yale yaliyo yake kisheria, yaani dawa, sindano, vidonda na ripoti, na hayo asimwachie yeyote kwa kuona haya. Kumwita mhudumu "mama" na kumkataza kugawa dawa si mambo yanayopingana.

Shosho anapopiga kofi

Hakuna kinachomshtua mgeni kama kupigwa au kutukanwa na mzee anayemwosha. Mara nyingi mzee huyo ana dimenshia, ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu na fahamu. Yeye haoni muuguzi. Anaona mtu asiyemjua akimvua nguo. Ukimjia kutoka nyuma, au wawili mkimshika pamoja huku mkizungumza kuhusu mambo yenu, atajitetea kama wewe ungejitetea.

Mjie kutoka mbele, utaje jina lake, umwonyeshe kitambaa na maji kabla ya kumgusa, na umwache afunikwe sehemu ambazo huoshi kwa wakati huo. Akikuita kwa jina la binti yake aliyefariki, usibishane naye. Muulize binti huyo alikuwa mtu wa namna gani. Akikataa kuoga kabisa, rudi baada ya nusu saa. Kuoga si dharura.

Hata hivyo, kuna ukali ambao ni dharura. Mzee aliyekuwa mtulivu jana, na leo ghafla amechanganyikiwa, anaona watu ukutani au analala tu bila kuamka vizuri, huenda ana ugonjwa mwingine mwilini. Tafuta maambukizi ya mkojo, nimonia, kufunga choo, mkojo uliozibika, upungufu wa maji au dawa mpya aliyoanzishwa wiki hii. Hali hiyo haipaswi kuitwa "uzee tu", na daktari aitwe siku hiyo hiyo. Pia muuguzi aliyepigwa aandike katika daftari la matukio. Tukio lisiloandikwa halimsaidii yeye wala atakayepigwa kesho.

Kosa la saa kumi alfajiri

Usiku katika nyumba nyingi kuna muuguzi mmoja na wahudumu wawili kwa wazee ishirini au zaidi. Daktari yuko kwenye simu. Hapa ndipo muuguzi mpya huogopa zaidi, na ana haki ya kuogopa.

Tuseme mzee wa kisukari amepewa kidonge chake cha jioni, kisha ikagunduliwa kwamba hakula chakula. Saa kumi alfajiri anatoka jasho jembamba na kusema maneno yasiyoeleweka. Mpime sukari mara moja. Ikiwa chini ya 4 na anaweza kumeza, mpe maji yenye vijiko vitatu au vinne vya sukari, umpime tena baada ya dakika 15, kisha ale. Ikiwa hawezi kumeza, usimtie chochote mdomoni. Huyo anahitaji glukosi ya mshipani na gari la hospitali. Hata akizinduka, daktari aambiwe, kwa sababu baadhi ya vidonge vya kisukari hukaa mwilini mwa mkongwe muda mrefu na sukari huweza kushuka tena baada ya saa kadhaa.

Matibabu hayo muuguzi anayajua tangu chuoni. Jambo gumu ni lile linalofuata, kuandika kwamba alitoa dawa bila kuhakikisha mzee amekula. Akilificha, ataishi nalo peke yake, na kila zamu atakuja na hofu mpya. Akiliandika, huenda akakaripiwa, lakini kosa litabaki la usiku mmoja na utaratibu wa chakula na dawa utarekebishwa. Msimamizi anayefokea kila anayesema kweli anajitengenezea daftari safi na wazee walio hatarini.

Ndiyo sababu swali la kwanza la kuulizwa wakati wa mahojiano ya kazi lisiwe mshahara. Uliza nitafanya zamu ngapi nikiwa pamoja na muuguzi mzoefu kabla ya kuachwa peke yangu, na usiku nitampigia nani simu. Mwajiri asiyekuwa na jibu amekwisha kujibu.

Usingizi wa mchana

Kisha kuna Githurai yenyewe. Muuguzi anarudi saa mbili unusu asubuhi wakati mtaa umeamka. Chini kuna duka la kanda za muziki lililogeuka kuwa duka la simu lakini halikuacha kelele, upande wa pili mhubiri ana kipaza sauti, na makanga wanaita abiria wa mjini. Watoto wa ploti wanacheza kwenye ngazi. Anayelala saa tatu kwa siku nne mfululizo si mwenye "msongo" wa ajabu. Amekosa usingizi, na aliyekosa usingizi hukosea hesabu za dawa na kulia ovyo.

Pazia zito, hata la blanketi kuukuu, husaidia. Pamba au vizibo vya masikio pia. Chai na kahawa ziishie saa nane usiku. Kabla ya zamu ya kwanza ya usiku, alale kidogo mchana. Na majirani waambiwe wazi siku za zamu, maana wakishajua kwamba kuna "daktari" kwenye ploti, watabisha hodi wakiwa na mtoto mwenye homa au sindano waliyonunua dukani wakitaka kudungwa. Kumtazama mtoto na kuhimiza apelekwe kituo cha afya ni utu. Kudunga sindano chumbani kwako ni kuiweka leseni yako rehani, na ni kufanya kazi ya tatu wakati wa kulala.

Sheria nayo ina la kusema kuhusu kupumzika. Chini ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, mfanyakazi anastahili angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka yenye malipo kamili. Wanaolala kwa mwajiri wakimuuguza mgonjwa mmoja ndio wanaoonewa zaidi hapa, kwa kuwa familia huona kwamba akiwa amekaa kitini karibu na kitanda basi anapumzika.

Zipo dalili ambazo pazia na daftari havitazitibu. Muuguzi akikosa usingizi hata siku za mapumziko kwa majuma mawili, akianza kunywa pombe ili alale, akichukua vidonge vya wagonjwa, au akiwaza kwamba ni afadhali afe, huyo anahitaji kuonana na mtaalamu sasa, bila kungoja mwisho wa mwezi. Hospitali ya Thika ya Level 5 iko upande mmoja wa barabara yetu na Mathari iko upande mwingine, ambapo matatu za mjini hupita kila siku. Watu wa mtaa hutania jina la Mathari. Wauguzi, ambao wanajua vizuri zaidi, wasiwe wa kucheka.

Na kama baada ya miezi sita hivi mtu ameona kwamba kazi hii si yake, hakuna aibu kuondoka. Uuguzi una idara nyingi, na wako wanaong'aa katika chumba cha upasuaji ambao wangenyauka katika nyumba ya wazee. Ila aondoke kwa utaratibu. Anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya maandishi ya siku 28, isipokuwa mkataba wake unataka zaidi. Kuzima simu asubuhi ya zamu humwacha mwenzake na wazee ishirini kwa saa ishirini na nne, na barua ya kumsifu kwa mwajiri ajaye haitapatikana. Katika siku hizo za notisi amwandikie atakayemfuata yale yasiyo kwenye faili: nani humeza dawa kwa ndizi, nani haogeshwi na mwanamume, nani huamka saa tisa usiku akitafuta ng'ombe wake. Wazee nao waagwe, hata yule ambaye kesho yake atauliza tena yule msichana yuko wapi.